Asubuhi Chai Ilipokuwa Tamu

Asubuhi ile niliamka na njaa. Chai ilikuwa tamu, nikala chapati na kuongeza, huku naimba. Nilidhani dada yangu Zuhena amepona. Kumbe alikuwa amefariki alfajiri.

Siku hizi mgonjwa wa saratani ya matiti hatapiki peke yake. Ndugu huvaa bangili za hospitali zinazowaunganisha naye, na kichefuchefu cha dawa hugawanywa baina yao. Zuhena alisaidiwa na mimi, mama na wifi yetu Semeni. Kila alipochomwa dawa tulikusanyika kwa mama, kila mtu na beseni lake. Zuhena, kipara kikimng'aa, alituzunguka akitafuna samaki wa kukaanga.

"Wifi, hiyo mimba ya nani?" alimuuliza Semeni.

"Ni yako! Niondolee hao samaki!" Semeni alijibu, akainamia beseni. Mama alicheka hadi akasahau kutapika.

Kichefuchefu tulikigawana. Uvimbe wenyewe haukugawanyika.

Bangili yangu sikuirudisha. Jumatatu inaunganishwa na mgonjwa mwingine, mama mmoja wa Masasi, nisiyemjua. Semeni naye ameshaleta beseni lake.