Mlango wa Kijani

Mtafiti aliwagawia akina mama rangi, akawaomba wachore siku waliyojifungua. Wengine walichora vitanda na wauguzi. Sikudhani, anayeishi kwa kuokota chupa jalalani, alichora mlango wa kijani tu, umefungwa, una kitasa cheusi.

"Mbona hukujichora, dada?"

"Nimo. Anayeutazama huo mlango wa wodi ya wazazi ndiye mimi. Uchungu umenishika, wauguzi wakaniambia nikatafute kwanza glovu na beseni, ndipo wanipokee."

"Ukavipata?"

"Nilivipata. Nilirudi nimemlaza mtoto humo kwenye beseni. Hakulia."

Mtafiti akaacha kuandika. Sikudhani akachovya brashi kwenye rangi ya kijani, akakifunika kile kitasa polepole, mpaka mlango ukabaki hauna pa kushika.