Kofia ya Mtoto wa Pimbi

Nungu alikuwa na shughuli kuliko wanyama wote, na hakuchoka kuwaambia. Alimwahidi shoga yake Pimbi kofia ya kufuma, mtoto aivae Ijumaa, siku ya kutolewa nje. Jumatatu ikafika, hajafuma hata mstari.

"Nafasi sina, Bibi Kobe!" alimwambia jirani yake aliyepita jikoni. "Tangu asubuhi nimesimama hapa nasubiri maharage yaive."

"Yanaiva upesi ukiyakodolea macho?" Kobe akauliza, akamtia uzi mkononi.

Nungu akachomoa miiba yake miwili, akafuma kwa hasira. Akafuma jikoni kila siku, akafuma kwenye foleni ya kisima. Alhamisi kofia ikawa imekwisha.

"Shoga, na shughuli zako zote, nafasi uliipata wapi?" Pimbi aliuliza alipoletewa kofia.

"Sikuipata," akajibu Nungu. "Niliipika pamoja na maharage."