Mti wa Nasemba

Semhando hakuwa na mke, hakuwa na meno ya mbele, wala hakuwa na kazi tangu ugonjwa upukutishe majani ya miti yote ya mpira bondeni. Alichobakiwa nacho ni mti mmoja wa mpira, uliostawi juu ya kaburi la mkewe Nasemba, ambao hakuwahi kuutia kisu cha kugemea.

"Shemeji, huu umekunywa nini?" aliuliza Zaina, mdogo wa marehemu. "Yetu imebaki fagio."

"Dada yako hakupenda uchafu."

Walicheka, kisha wakatazama kama kuna aliyewasikia, maana sheria waliijua. Mti usiougua huwa na kuvu wema ndani ya majani yake, wanaofukuza ugonjwa. Mwenye mti huo lazima aandike barua serikalini kuutaja. Nao hung'olewa mpaka mzizi wa mwisho, ukasagwa, kuvu wake wakapandikizwa katika miche ya mashamba yote.

"Mizizi imefika wapi?"

"Imemkumbatia."

"Basi mimi sijaona kitu, shemeji."

Lakini wana wanne wa Zaina, wagema wote, walikuwa na mwezi wa tatu wakila mihogo mitupu. Semhando aliiandika barua taratibu, kwa mwandiko wake mzuri. Halafu akauomba mti radhi, akauchanja kwa mara ya kwanza, na kwa utomvu wake akaifunga bahasha.

"Ipeleke posta sasa hivi," alisema, "nisije nikaifungua kabla utomvu haujakauka."

Zaina akaipokea kwa mikono miwili, akaenda.