Zamu ya Nesia

Vijana wa kanisa walizunguka kitanda cha Amosi, mwenzao aliyekuwa mahututi, wakashikana mikono, wakaanza kuomba kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Nesia alikuwa amejitolea kwa moyo kuwafulia wagonjwa na kuwapikia uji, lakini kuomba mbele ya watu kulimshinda. Siku zote zamu yake ikifika, aliuminya mkono wa jirani ili huyo aombe badala yake. Leo jirani alikuwa mama yake Amosi.

Akauminya.

"Omba wewe, mwanangu," mama alinong'ona. "Mimi nimeishiwa maneno."

"Hata mimi, mama," Nesia alisema, na machozi yakawatoka wote wawili.

Hakuna aliyeitikia amina. Amosi alifumbua macho, akageuza uso taratibu, akawatazama wale wawili waliokuwa wakilia.