Kiti Chenye Kitambaa Cheupe

Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu. Atakayenikamata na uongo, kahawa ya baraza nzima ni juu yangu.

Katika mtaa mmoja wa pembeni mwa mji, kila mkutano walimwekea mbunge wao kiti chenye kitambaa cheupe. Tangu achaguliwe, kiti kilibaki kitupu. Siku moja akaja Bi Tausi, miguu imemvimba, kuomba daraja la kuvukia mtaro uliokaribia kummeza mjukuu wake. Akakikunja kitambaa, akaketi. Watu wakashika vichwa.

“Bibi, ondoka! Cha mheshimiwa hicho!”

“Basi leo mheshimiwa ni mimi. Nani anapinga daraja?”

Mara gari likasimama, mbunge mwenyewe akashuka. Alipoona kiti chake kimekaliwa, akatazama huku na huku kutafuta kingine.

“Karibu mkekani, mwanangu,” akasema Bi Tausi.

Naye akavua viatu, akakaa.

Hapo Shebe, fundi baiskeli, akanikatiza: “Mzee, yote nimekubali. Lakini mbunge alikuja?”

Nikakohoa. Nikamwita muuza kahawa. Vikombe vikazunguka, kimoja tukakiweka pembeni, cha mheshimiwa. Tuliondoka kikiwa bado kimejaa.