Tundu Kando ya Mfalme

Ubaoni, mfalme wa shemeji yake fundi mkuu hakuwa na pa kukimbilia tena, na karakana nzima ya ushonaji ikalipuka kwa shangwe hadi cherehani zikataka kujishonea zenyewe. Fundi mkuu kashinda sataranji! Jumamosi ni yeye atakayewawakilisha kwenye mashindano ya karakana zote.

Mwenyewe hakucheka. Alianza kurudisha kete nyuma, moja baada ya nyingine.

"Shemeji, unafanya nini? Umeshanifunga, niachie aibu yangu niende nayo!"

"Tulia." Kidole chake, kikiwa bado na kastabini ya kuzuia sindano, kikagonga mraba mtupu kando ya mfalme wake mwenyewe. Ko, ko, ko. "Tundu hili nililiacha mimi. Farasi wako angeingia hapa, ningekwisha. Hukuliona kwa sababu ulikuwa unajisifu."

"Mama, ushindi ni ushindi!" akalalama mpiga pasi.

"Wa Jumamosi hawatakuja kujisifu. Shemeji, ingiza farasi."

Macho ya shemeji yakang'aa. "Nikikufunga kuanzia hapa, naenda mimi?"

"Unaenda wewe. Na shati la kwendea nakushonea."

Mpiga pasi akashika kichwa. Farasi akatua kwenye tundu kwa kishindo.

"Haya, toka hapo kama unaweza!"

Fundi akaukodolea ubao macho kwa kitambo, midomo ikimcheza. Kisha akasogeza ngome yake mraba mmoja tu kushoto, ikamlenga mfalme wa shemeji, naye akakunja mikono.

"Nimeshatoka. Sasa toka wewe."