Sauti ya Mama Haipakuliki

"Inasikika, dada, lakini haitoki," alisema Kija, fundi wa kompyuta hapa Mikumi.

Huduma ya mtandaoni tulikotunzia sauti ya marehemu mama ilikuwa inafungwa mchana ule, na haikuwa na njia ya kupakua.

"Mlipoichagua hamkuuliza mtatokaje?"

"Tuliuliza nafasi ya kuhifadhi. Walitupa kubwa."

Hakunicheka. Alizima feni, akaweka simu yangu mbele ya spika ili irekodi, akawageukia wateja wengine dukani mwake. "Jamani, kimya kidogo. Kuna mzazi anaongea."

Nikabonyeza.

"Marahaba, mwanangu. Huku Masanze mvua imenyesha, mahindi yamesimama. Usihangaike na zawadi, wewe njoo tu, nikuone..."

Mzee mmoja akavua kofia. Mama alikuwa bado anaongea lori lilipopita barabarani likipiga honi ndefu, likameza maneno yake ya mwisho.

Kija akataka kurudia. Ukurasa ukawa mweupe; huduma ilikuwa imeshafungwa.

Kisha akasema taratibu, "Hii iliyorekodiwa tuihifadhi mahali, dada. Simu huibwa. Kuna huduma nyingine, nafasi yake kubwa sana."

Nilikuwa nimeikumbatia simu kwa mikono miwili.

"Anza na wimbo wako wowote," nikamwambia. "Uweke, halafu uutoe, nione."